Mkwe Nyuma ya Pazia

Nilipokuwa kijana nilichimba visima Kintinku. Tulikuwa wawili, mimi na bwana mmoja tuliyemwita Sajini, ingawa hakuwahi kuwa askari hata siku moja, alikuwa na kofia tu. Mimi nilikuwa mwembamba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshuka. Sajini alibaki juu na kamba na ndoo. Ukishafika chini urefu wa watu watano, mwenzako wa juu humwoni tena, unaona kiduara cha mwanga na mara mojamoja kichwa kinapita. Mnabaki na sauti. Anauliza, "Udongo wa rangi gani?" Unamjibu. Anauliza, "Ukuta mkavu?" Unamjibu. Na yeye kwa maneno yako hayo tu anaamua kama mnaendelea au mnatoka. Siku moja ilikuwa ya mnada, nami nilitaka kuwahi kwa sababu kulikuwa na msichana anauza vitumbua. Sajini akauliza, "Ukuta mkavu?" Nikasema mkavu. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi unatoa maji. Ukamomonyoka ukanifunika hadi kiunoni, na Sajini alinivuta huku analia kama mtoto. Aliponifikisha juu alinipiga kofi moja, halafu akanipa uji wake wote. Vitumbua sikuvila. Msichana yule baadaye akaolewa na mtu wa reli, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sijui kwa nini nimeanzia kisimani. Nilikaa kuandika habari za mke wangu, Mama Daudi, tuliyemzika mwaka huu mvua zilipokatika, na kalamu ikaenda Kintinku yenyewe. Labda ni kwa sababu ya siku ile tulipokuwa tunatoa vitu vyake chumbani, mimi na binti yangu Neema. Tulitoa kanga, tukatoa sanduku, tukafika kwenye ile meza ya pembeni, na Neema akainua kitambaa cha kufuma akaikuta kompyuta ya kaka yake, imekaa vilevile. Akauliza, "Baba, hii tunaipeleka wapi?" Nikasema iache. Akaifunika tena taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyelala.  Siku ya mazishi mume wake, Elia, hakuja. Alituma turubai, akatuma viti, akatuchapia ratiba ya ibada kwenye karatasi nzuri yenye picha ya marehemu, maana ana steshenari yake Mandewa. Mwenyewe hakuja. Watu walinong'ona, "Mkwe gani huyu haziki mama mkwe?" Nikawaambia ana udhuru. Neema aliniangalia, akainama. Yeye anajua lile ambalo wote wanalijua. Ninaandika ili ajue lililobaki, na ningekuwa mwanaume ningemwambia kwa mdomo.

Mwaka ninaousema ni ule umeme ulipovuka barabara ukafika upande wetu wa Mkiwa. Nilikuwa nimeshapita hamsini, na nilidhani nimeshajijua mimi ni mtu wa namna gani. Daudi, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa ametutoka mwaka mmoja nyuma, huko Dodoma, kwa homa ya siku tano. Kazi yake ilikuwa kurekodi kwaya, na vitu vyake vilipoletwa vilikuwa godoro, viatu, gitaa lililokatika nyuzi mbili, na hiyo kompyuta, ya zamani, yenye kisanduku chake cha kusimama na kioo chake kinene kama televisheni. Mke wangu akasema itakaa chumbani tunakolala. Fundi wa umeme alipokuja akamwambia soketi ya kwanza iwe pale, taa baadaye. Nyumba yetu ilikaa majuma mawili ina kompyuta inayowaka na sisi tunakula kwa kibatari.

Ndani ya mashine kulikuwa na sauti ya Daudi. Kuimba kwake kila mtu alikuwa anakujua, sisemi kuimba. Kulikuwa na moja aliyoirekodi jikoni kwetu, mama yake anatwanga mtama. Daudi anamwambia, "Mama, imba ule wa mavuno." Mama yake anajibu, "Niondokee hapa na hicho kidude chako." Mchi unaendelea. "Ubeti mmoja tu, Mama." "Nimesema toka, nitakutwanga na wewe." Halafu wanacheka wote wawili, na kuku mmoja analia karibu kabisa, kama naye kaalikwa. Basi, ni hiyo tu. Kila asubuhi akishaniwekea uji wa ulezi alikuwa anaingia chumbani kuisikiliza. Neema alikuwa amemfundisha mahali pa kubonyeza. Mimi niko uani na bakuli langu, nasikia mke wangu wa mwaka juzi anacheka na mtoto, na mke wangu wa leo yuko kimya. Nilizoea. Nilifikia mahali ambapo uji bila kelele ile haukushuka vizuri.

Kuelekea kipupwe mashine ikaanza kuugua. Inawaka, inafika katikati, inazima, inawaka tena yenyewe, kutwa nzima. Tukampigia simu Elia. Alikuwa amemwoa Neema mwaka mmoja tu, kijana mpole, mrefu, wa kuinama kila mlangoni. Alikuja na Neema Jumamosi, akakaa sebuleni, akasalimia kupitia pazia, "Shikamoo, Mama." Mke wangu akajibu kutoka ndani, "Marahaba, baba. Za Mandewa?" Kwetu ndivyo ilivyo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja, hawapeani mkono, na kuingia chumba anacholala mama mkwe ni jambo ambalo hata nyumba ikiungua mkwe hafanyi, atasimama nje aite watu. Walikuwepo wazee waliofungua mwiko huo kwa kuchinja mbuzi, watu wakala, mkwe akawa kama mtoto wa kuzaa. Mbuzi ninao hata leo. Sikumchinja.

Nilimweleza Elia ugonjwa tukiwa tunakula. Kuku wa kienyeji alikuwa amechinjwa kwa ajili yake, na Neema alikuwa amemwekea firigisi. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa, akasema, "Baba, vitu vya shemeji vipo salama. Ni kama nyumba ambayo mlango wake umegoma. Sasa ukivunja mlango unaweza kuangusha ukuta. Mimi nashauri tutoboe mlango wa pili pembeni. Tupige mfumo mwingine kando ya ule wa zamani, kila mmoja na sehemu yake. Tukiwasha, mashine ituulize, mnapita mlango upi? Tupite huo mpya, tukachukue vitu." Wenyewe wanaita kupiga windo, yaani kuweka mfumo wa Windows, ingawa alisema huo wa pili ni wa aina nyingine, wa bure. Nilipenda maneno yake ya mlango. Nikasema afanye.

Kwanza tulijaribu kuitoa mashine ije sebuleni. Tulibeba mimi na Neema, tukaweka mezani, tukavuta waya mrefu. Haikuwaka kabisa. Hata kile kitaa cha kijani hakikuwaka. Mke wangu akapiga ukelele, akasema mmeshamuua mara ya pili. Tukairudisha, Neema akasukuma nyaya, ikawaka, na mke wangu akasema kuanzia leo haitoki humu mpaka nitoke mimi. Ndipo ukaanza utaratibu ule. Elia alikaa kwenye kigoda sebuleni, mgongo umeegemea ukuta wa chumba, daftari magotini. Katikati yao pazia la maua. Neema ndani, kwenye mashine.

"Washa, halafu bonyeza F2 mfululizo, kama unadonoa."

"Nimedonoa."

"Imeleta rangi gani?"

"Nyeusi."

"Umechelewa. Zima, anza tena."

Mara ya nane mke wangu akauliza kutoka uani, "Hiyo mashine mnaitibu au mnaipigia hodi?" Tulicheka wote, Elia akaficha uso kwenye daftari. Walipofanikiwa kuingia ikaonekana saa ya mashine imerudi hadi mwaka ambao Neema alikuwa darasa la kwanza, kumbe ndani kuna kibetri kama kifungo cha shati kimekufa, na kila ikizimwa inasahau ilichoambiwa. Wakaibembeleza ianze na sahani ya CD aliyoileta Elia badala ya kuanza na kumbukumbu yake yenyewe. Ikakubali, ikafika katikati, ikaganda. Sahani ilikuwa na mikwaruzo. Siku ikaisha hivyo.

Jumamosi ya pili walikuja na kibetri kipya na flashi. Siku hiyo ilikwenda vizuri. Elia alimwongoza Neema kuuwasha ule mfumo wa pili kwa majaribio, bila kuupandisha ndani ya mashine, akasema ni kama kuchungulia dirishani. Neema akafungua fungua. Tukasikia, "Yapo. Yote yapo. Hili hapa limeandikwa Mama anatwanga." Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo chini, akaingia. Sauti haikutoka. Elia akasema kuna kipande cha programu kinakosekana, sauti itatoka mfumo ukishapandishwa rasmi. Neema akataka amalize siku hiyohiyo. Elia akakataa. Nakumbuka alivyokataa, maana hakuwa mtu wa kukataa. "Nimeagiza diski kubwa Dodoma. Tunanakili kwanza vitu vya Daudi, tunaviweka pembeni. Diski ikifika ndipo nipige. Bila hiyo sigusi."

Jumamosi ya tatu alikuja peke yake. Shule zilikuwa zinafunguliwa, steshenari isingeweza kufungwa, Neema akabaki Mandewa. Diski ilikuwa haijafika. Na kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa ibada ya kumkumbuka Daudi, ndugu walishaanza kuingia kutoka Iramba, na mke wangu alikuwa amewaahidi watasikia sauti yake. Elia alikuja kutueleza tu kwamba tusubiri. Angeweza kupiga simu. Alikuja kwa heshima, na heshima yake ndiyo nikaitumia kumkaba.

"Mkwe, kila siku diski. Juzi vitu si tuliviona vipo?"

"Vipo, Baba."

"Na huo mfumo unakaa kando, hauvigusi?"

"Ukichaguliwa vizuri, hauvigusi."

"Basi unaogopa nini? Kama kazi imekushinda sema, nimwite fundi wa mjini."

Akainamisha kichwa. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe hapana mara mbili. Mimi nilijua hivyo, ndiyo maana niliuliza mara mbili. Akasema, "Sawa, Baba. Ila kuna sehemu moja ningependa niione kwa macho yangu. Dakika mbili tu." Nami nikacheka, nikasema, "Uingie chumba cha mama mkwe wako? Unataka watucheke hadi Manyoni?" Na hapa naomba nieleweke, maana ndipo pananiuma. Mke wangu alikuwa jikoni, alisikia. Akaita, "Baba Daudi, mwache aingie. Mimi niko huku, wala simwoni. Kwa ajili ya mtoto, mwache aingie." Yeye mwenye mwiko aliufungua. Mimi nikajibu, "Mwiko ni mwiko, mama. Nitasoma mimi."

Nimeishia darasa la tatu. Kiswahili nasoma, polepole. Kiingereza naona herufi tu, kama mtu anayeona nyayo asijue za mnyama gani. Miwani yangu ya siku zile nilinunua mnadani, jicho moja lilisoma karibu, la pili lilisoma Itigi. Na bado nilitaka niwe mimi. Siku zote mbili nilikuwa nimekaa uani wakati watoto wanasemezana mambo ya mashine, mke wangu anawauliza wao, anawashukuru wao. Nilitaka sauti ya Daudi ikitoka, mama yake atoke chumbani ananiangalia mimi. Daudi mwenyewe, likizo moja, aliwahi kuniambia, "Baba, njoo nikuonyeshe, ni rahisi," nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa naogopa aone ninavyosoma.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Elia aliuliza herufi ya kwanza, namtajia, anasema bonyeza. Tukafika mbali hivyo, yeye anauliza kwa upole, mimi najibu kwa sauti kubwa. Ndugu watatu wa Iramba walikuwa wamekaa sebuleni karibu naye wanatazama, mmoja akasema, "Kumbe Baba Daudi ni fundi!" Nikazidisha sauti. Halafu Elia akasema, "Sasa, Baba, hapa ndipo. Twende taratibu. Utaona mistari kadhaa. Tunataka wenye neno refu linaloanza na A, L, O, maana yake kando. Upo?"

Nikatafuta. Kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulianza na E. Wa pili ulianza na S. Nikarudia na kidole. Haukuwepo.

"Upo, Baba?"

Nilipaswa kusema haupo. Ni neno moja. Baadaye sana Neema aliniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba ule mfumo wa zamani ukizimika vibaya, mstari huo unajificha, na mtu akiona haupo anasimama palepale. Elia angesimama. Lakini sebuleni kulikuwa kimya, wale wa Iramba wanasikiliza, na mimi nikaona kwamba nikisema haupo watadhani sijui kusoma. Nikasema, "Upo."

"Umeuona vizuri?"

"Mkwe, nina macho."

"Uchague, halafu endelea. Ikikuuliza kitu usijibu, niambie kwanza."

Nikachagua wa kwanza, ule wa E, kwa sababu ulikuwa wa kwanza. Kikatokea kisanduku chenye maandishi mengi. Elia akauliza, "Imeuliza kitu?" Nikasema, "Haijauliza." Nikabonyeza.

Ilichukua muda wa kupika ugali. Nilitoka nikakaa nao, nikapewa chai, nikaeleza jinsi mlango wa pili unavyotobolewa. Nilieleza vizuri sana. Niliporudi mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaleta picha nzuri ya rangi ambayo hatujawahi kuiona. Nikashangilia. Mke wangu akaja anakimbia, mikono ina unga.

"Baba," Elia akasema nyuma ya pazia, "ilipowaka, imekuuliza mnapita mlango upi?"

"Haikuuliza. Imenyoosha moja kwa moja, safi kabisa."

Nikasikia kigoda kinasogea. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ule mstari uliochagua, Baba, ulianza na herufi gani?"

"Uliyoisema."

Tulitafuta mpaka jua likashuka ukutani. Mke wangu alibonyeza mahali alipofundishwa, hapakuwa na kitu. Elia aliniongoza huku na huku, kila mahali patupu, pasafi, kama nyumba iliyopakwa chokaa kabla ya wapangaji. Mwisho akasema, "Imefuta, Mama." Mke wangu akavuta pazia, akatoka, akasimama mbele ya mkwe wake uso kwa uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, mbele ya watu wa Iramba. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi.

"Umemfuta mwanangu," alimwambia. "Alikuwa amebaki kidogo tu, na hicho kidogo umekifuta."

Elia aliinua macho akaniangalia mimi. Alikuwa anajua. Fundi anajua mashine yake haiwezi kufuta bila kuambiwa, na aliyeambia alikuwa mmoja tu. Aliniangalia muda wa kutosha, alinipa nafasi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikatazama chai. Mmoja wa wale ndugu akasema, "Vijana wa siku hizi wanajifanya wanajua." Nikamwacha aseme.

Elia akapiga goti mbele ya mke wangu, uso umeelekea sakafuni. "Nisamehe, Mama. Nilitakiwa ningoje diski." Ni kweli alitakiwa angoje, alisema ukweli wake. Kilichobaki kilikuwa ukweli wangu, na nilikuwa nao mdomoni, nikaumeza na chai. Nimekaa nao miaka yote hiyo, mezani na mke wangu, kitandani na mke wangu, hospitalini akiwa ananishika kidole. Alikufa anaamini ni Elia. Hata kuku hakumtumia tena Mandewa. Neema alikuwa anakuja peke yake, na akija anakaa ukingoni mwa kiti.

Elia akakusanya vitu vyake, flashi, daftari, bisibisi. Akawaaga wazee mmojammoja, kwa mikono miwili, hakuruka mtu. Aliponifikia akasema, "Shikamoo, Baba," nikajibu, "Marahaba," na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Akainama mlangoni akatoka. Nilimfuata hadi kizingitini. Alivuka barabara, akasimama upande wa magari yaendayo mjini, begi begani. Kutoka mlangoni kwangu hadi pale hapazidi hatua arobaini, na gari lilikuwa halionekani pande zote mbili. Nilisimama, yeye alisimama. Mara moja aligeuka akatazama nyumba. Kisha akaweka begi vizuri, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Ikungi, pembeni mwa lami, bila haraka, na hakurudi tena.